Kizibo Mbele ya Kibanda

Avis Tranter hakuwa na mapenzi yoyote na vibanda vya polisi. Hakuna mwanachama aliyelijua hilo, na hata kama angesimama akalitamka pale ukumbini, nyuma ya kanisa la Wamethodisti la Catford, wenzake wangecheka na kumwambia akae chini anywe chai. Angewezaje kuwa hana mapenzi navyo? Zaidi ya miaka kumi hakukosa Jumamosi, mvua inyeshe, mabasi yagome. Ukimwonyesha mlango mtupu wa kibanda, mlango tu bila kibanda chenyewe, angekwambia ulikuwa upande gani wa mto Thames.

Shughuli ya chama haikuwa ngumu kuieleza, ingawa ilikuwa ngumu kuitetea. Walitazama michezo ya televisheni ya zamani, ile ya polisi na wezi, ya enzi za picha zisizo na rangi, lakini hawakuwatazama polisi wala wezi. Walitazama nyuma yao. Huko nyuma, kwenye kona za London, ndiko vilikosimama vile vibanda vya zege vya rangi ya buluu, vyenye taa juu ya paa na simu ndani ya kijimlango, ambamo konstebo wa doria aliingia kupiga simu kituoni na, tuseme ukweli, kula mkate wake mahali ambapo mvua haimfikii. Polisi walipopewa redio za mkononi, vibanda vikavunjwa karibu vyote. Vikabaki kwenye picha tu, mwizi akikatiza mbele yavyo mbio. Kazi ya chama ilikuwa kusema: hiki ni kibanda cha kona fulani, mwaka fulani. Basi. Ukiuliza faida yake ni nini, utakuwa umeuliza lililoulizwa na wake zao na watoto wao miaka nenda miaka rudi, na jibu hawajapewa hadi leo.

Lakini katika upuuzi huo walikuwa na sheria kali kuliko za mahakama. Kwanza uhakikishe kibanda ni cha kweli, maana studio walikuwa na vya mbao nyembamba, na cha mbao ukifunga mlango kwa nguvu kinatikisika kizima, hata taa inacheza. Pili utaje kona, ulete ushahidi wa vitu viwili visivyokuwa kibanda chenyewe: nguzo, ukuta, bomba, chochote. Halafu mwenyekiti anauliza mara tatu kama kuna anayepinga. Kukiwa kimya mara zote tatu, kibanda kimefungwa, na kibanda kikishafungwa hakifunguliwi tena. Bwana mmoja wa Ealing aliwahi kutaka kukifungua kilichofungwa. Siku ile kikombe kiliruka hewani, na yule bwana hakuonekana tena Catford.

Watu waliopita mbele ya kibanda wakakifunika waliitwa vizibo. Kizibo mwenye mwavuli alikuwa mbaya. Kizibo mwenye kigari cha mtoto alikuwa mbaya zaidi. Hakuna aliyewahi kuuliza vizibo walikuwa akina nani.

Avis yeye alijiunga kwa ajili ya kizibo mmoja.

Kaka yake aliitwa Len. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anafanya kazi kiwanda cha nyaya kule Woolwich, wakati yeye Avis ana kumi na sita. Mwezi Machi mwaka wa sitini na tatu, barafu ya ile baridi kuu ikiwa ndiyo kwanza imeyeyuka, Len aligombana na baba yao juu ya baiskeli. Baba alikuwa ameiuza bila kumwambia. Maneno yakawa maneno, baba akampiga kofi mezani mbele ya wageni, Len akachukua koti lake akatoka. Kesho yake koti lilikutwa kwenye ngazi za kivuko cha Woolwich, limekunjwa vizuri, mikono ndani. Len hakukutwa. Polisi walisema mto ule una tabia ya kuchukua na kutorudisha, wakatoa pole, wakaenda zao.

Mama aligoma kula. Baba aligoma kusema. Nyumba ikawa haikaliki, ndiyo maana jioni za Avis zikawa za kwa jirani, Bi Lovell, ambaye alikuwa na televisheni. Na huko, mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, katikati ya mchezo ulioitwa *Zamu ya Inspekta Holroyd*, inspekta anashuka garini, nyuma yake kuna kibanda cha polisi, na mbele ya kibanda anapita Len. Ameukunja mkono wa shati, ana kifuko begani. Akaitazama kamera, kama walivyofanya watu wote wa siku zile, akatabasamu kidogo kwa upande, kisha akatoka kwenye kioo. Avis alipiga kelele hadi Bi Lovell akamwaga kahawa.

Alikimbia nyumbani. "Mama, Len yu hai! Nimemwona! Amevaa shati, mama, ni kiangazi hiki kilichopita!"

Baba alisema ni upuuzi. Lakini mama alinyanyuka kitandani siku ile, akapika. Tangu hapo hakulia tena. Kasisi alipokuja kuzungumzia ibada ya kumbukumbu alimwonyesha mlango. Aliyapiga pasi mashati ya Len kila Jumapili, na Avis akiwa mtu wa makamo mama yake bado anayapiga. Siku ya kufa alimshika mkono akamwambia, "Ukimpata umwambie baba yake hayupo tena. Arudi tu."

Avis naye hakuhama nyumba ile, ili mtu asije akagonga akafunguliwa na mgeni. Mwanamume mmoja mwema alitaka kumwoa waende Kanada. Alikwenda peke yake.

Mchezo wenyewe hakuuona tena. Watu wa televisheni wa siku zile walifuta kanda zao bila huruma, na ile sehemu ikafutwa pamoja na nyingine mia. Alichobaki nacho Avis ni sekunde chache kichwani: uso wa Len na kibanda nyuma yake. Alipostaafu jikoni shuleni aliwaza hivi: uso hauna anwani, lakini kibanda kinayo. Akikijua kibanda atajua kona, akiijua kona atajua Len alikimbilia mtaa gani, na penye mtaa pana watu, pana makanisa, pana makaburi na sajili za ndoa. Akaja Catford, akasema anavipenda sana vibanda. Wakati wanagawana maeneo ya London aliomba Woolwich, kwa sababu huko ndiko Len alikokuwa akifanya kazi na alitaka pa kuanzia. Akakisoma kila kibanda cha Woolwich kama mtu anayesomea mtihani, akisubiri kimoja ambacho hakimo humo, maana hicho ndicho kingekuwa cha mtaa aliokimbilia Len.

Na sasa ile sehemu ilikuwa imepatikana. Kopo la filamu lilikutwa Tasmania, ghalani mwa kituo cha televisheni kilichouziwa mchezo ule zamani kikasahau kuurudisha. Likasafishwa, likawekwa kwenye diski, na diski moja ikamfikia Godfrey Mundy, mwenyekiti.

Jumamosi ile Avis alifika mapema kuliko mwenye funguo.

"Haa!" Tel Hoskin alisema alipomkuta barazani. Tel aliendesha basi miaka yote ya ujana wake na bado alizungumza kama anayeizidi injini sauti. "Dada, umelala hapa hapa au? Mbona uso umekupauka hivyo? Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini? Ukucha?"

"Tel, niache."

"Nimekuacha. Lakini mtazame huyu anayekuja. Mundy! Tai hiyo ya nini, bwana? Unaoa?"

Godfrey Mundy alikuwa amefunga tai kweli. Maisha yake yote aliuza mazulia, na alikuwa na ile namna ya wauza mazulia ya kutazama kila kitu chini kabla ya juu. "Kitu kisichoonekana miaka sitini hukitazami na fulana," alisema. "Ingieni. Tel, chai. Na keki isiguswe hadi tumalize."

"Keki ya nani?"

"Yangu. Ya jamu. Nimesema isiguswe."

Kwa jumla walikuwa watatu tu. Wengine walikuwa hospitali, au kwa watoto wao, au chini ya udongo. Mapazia yakavutwa, kioo kikawashwa, muziki wa kizamani ukaanza kuparaza. Avis alikaa na mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Walitazama kwa utaratibu wa siku zote. Kibanda cha kwanza kilikuwa cha mbao. Inspekta aliufunga mlango na taa ikacheza. "Feki!" walisema wote kwa pamoja, na Tel akacheka. Cha pili kilikuwa mbali mno. Kisha gari jeusi likaja taratibu likasimama, mlango ukafunguka, inspekta akatoa mguu mmoja nje.

"Simamisha!" Tel alipiga kelele. "Hicho hapo! Zege hilo, zege tupu! Aah, kizibo! Toka njiani, mwanangu, toka, unatuzibia mlango!"

Godfrey alisimamisha. Picha ikaganda.

Hapa ndipo pa kumwonea Avis huruma, kama kuna pahala popote. Miaka sitini aliingoja picha ile, na ilipokuja hakuuona uso wa kaka yake kwanza. Jicho lake lilikwisha kufunzwa. Lilikwenda kwenye kibanda, likashuka hadi kwenye kitako chake, pembe ya kushoto, likakuta pale kiraka cha simenti nyeupe chenye umbo la soksi.

Alikijua kiraka kile. Alikuwa kama mtu aliyewahi kukigusa. Mzee mmoja, Konstebo Wragg, aliyezeeka sana katika nyumba ya wazee huko Eltham, alimsimulia kibanda hicho mara tatu, na kila mara alimwonyesha picha aliyopigwa amekiegemea kama mtu na ng'ombe wake. Kona ya Mtaa wa Tuckwell, Woolwich. Kipande cha bomu kilikimega wakati wa vita, fundi wa manispaa akakiziba na simenti isiyofanana. Na Wragg alisimulia pia kilivyokufa. Januari ya sitini na tatu, wiki ya kwanza baada ya mwaka mpya, barafu barabarani kama kioo, lori la makaa lilishindwa kushika breki likakigonga kikapasuka katikati. Wragg mwenyewe alipaswa kuwamo, ila alikuwa ametoka kwenda haja ndogo. "Kibofu changu, mama," alimwambia Avis, "ndicho kilichoniokoa. Mwingine hushukuru malaika." Polisi walizoa vipande, wakaweka nguzo ya simu, na kibanda hakikujengwa tena.

Januari. Len aliondoka Machi.

Basi shati lile la mkono uliokunjwa halikuwa la kiangazi cha sitini na tatu. Kiangazi hicho pale kona hapakuwa na kibanda. Lilikuwa la mwaka uliotangulia, au kabla yake, Len akiwa bado analala chumba cha pili, mama yake bado analipiga pasi shati hilo, naye anakwenda kazini na mkate wake kwenye kifuko. Avis alijua jinsi ilivyowezekana; kila mwanachama alijua. Watu wa televisheni walipiga picha za barabara siku moja ya jua wakaziweka akiba, wakawa wanachomeka kipande hapa, kipande pale, mwaka hadi mwaka, penye haja ya barabara. Wakamchomeka na Len. Ndipo akamtazama uso. Alikuwa mtoto. Alikuwa na chunusi kidevuni, na alikuwa anaitabasamia kamera, si dada yake.

Hakulia. Aliwaza tu juu ya mama yake na yale mashati.

"Kitulie hapo hapo," Godfrey alikuwa akisema. Alikuwa amesogea hadi pua inakaribia kugusa kioo. "Mnaona nini kulia?"

"Hori la farasi," Tel alisema. "La mawe."

"Hori la farasi la mawe, na nyuma yake ukuta wa matofali wenye ncha za chuma. Jamani. Hapa ni Camberwell. Mtaa wa Daneby, mbele ya ghala la bia."

"Hee! Camberwell!"

"Na utamu wenyewe ni huu." Godfrey alinyoosha tai. "Hori la Daneby halikuwepo hapo siku zote. Lilihamishiwa hapo majira ya kuchipua, sitini na tatu. Kwa hiyo mtu huyu hapa, na shati lake, amepita kiangazi cha sitini na tatu. Hakuna akiba hapa. Kipande hiki wamekipiga maalumu kwa mchezo huu."

"Mundy, wewe ni mchawi," Tel alisema kwa dhati kabisa.

Kila alichokitafuta Avis kilikuwa kimetamkwa, na hakukitamka yeye. Mtaa: Daneby. Wilaya: Camberwell. Majira: kiangazi, miezi baada ya koti kukunjwa pale ngazini. Mwenyekiti mwenyewe amesema, mtu ambaye hakujua Len kama amewahi kuzaliwa, mtu asiye na sababu ya kumhurumia mtu yeyote. Hakutakiwa kudanganya. Alitakiwa kunyamaza tu.

"Ushahidi wa vitu viwili," alisema Godfrey, akasimama wima kwa ajili ya utaratibu. "Hori na ukuta. Natangaza Camberwell, Mtaa wa Daneby, kiangazi sitini na tatu. Kuna anayepinga?"

"Hii ndiyo ninayoipenda," Tel alimnong'oneza Avis. "Kama kanisani. Anayejua sababu kwa nini wawili hawa wasioane, aseme sasa au anyamaze milele."

Avis akanyamaza. Alijiona akiteremka basi Camberwell kesho asubuhi, na picha ya Len mkononi, akiuliza wazee. Kulikuwa na wazee wengi Camberwell. Angeweza kuuliza hadi afe.

"Kwa mara ya pili. Kuna anayepinga?"

Paa lilikuwa likigongwa na mvua. Tel alikuwa akiiangalia keki. Avis alijaribu kuamini. Alijaribu kwa nguvu zake zote, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Alijiambia pengine pana vibanda viwili vyenye kiraka, pengine Wragg alikosea mwaka, alikuwa mzee, alikuwa akichanganya hata majina ya wanawe. Lakini ile barafu hakuichanganya. Hakuna mtu wa umri wao aliyeichanganya barafu ile. Na soksi ilikuwa pale pembeni, nyeupe pee.

Wangekifunga wao, naam, na kisingefunguliwa tena. Lakini yeye angekaa na nani nyumbani kwake? Angekaa na yule anayejua, yaani yeye mwenyewe. Na Len angewekwa Camberwell, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga katika maisha yake mafupi, ili kumfurahisha dada yake ambaye wala hangefurahi. Kona yake ilikuwa Tuckwell. Hicho kidogo kilikuwa chake kweli.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Kuna anayep..."

"Napinga."

Tel aligeuka na shingo nzima. "Weee!"

Godfrey hakukasirika, alikuwa mwungwana. Lakini masikio yalimwiva. "Avis. Unapinga nini, hori au ukuta?"

"Vyote. Hapo si Camberwell. Ni Woolwich, kona ya Mtaa wa Tuckwell." Sauti yake ilitoka kavu, kama anayesoma bei za mboga. "Tazama kitako, pembe ya kushoto. Kuna kiraka."

Walitazama. "Uchafu wa filamu huo," alisema Godfrey.

"Peleka mbele kidogo, halafu rudisha nyuma. Uchafu utaruka. Hicho hakiruki."

Alipeleka, akarudisha. Len akapiga hatua moja, akarudi kinyumenyume, akapiga tena. Kiraka kikabaki pale pale.

"Bomu," alisema Avis. "Kimezibwa mwaka wa arobaini na moja. Hori lilikuwepo Tuckwell vilevile, ila la Tuckwell lina pete ya kufungia farasi, na hiyo hapo pete, chini ya mkono wa... chini ya mkono wa huyo kijana. Na ukuta ule ni wa kiwanda cha nyaya. Ncha zake zimeinamia ndani. Za Daneby zinainamia nje."

Tel alivuta kiti karibu na kioo.

"Mama yangu," Tel alisema polepole. "Zinainamia ndani."

Godfrey aliondoa pua kwenye kioo. "Na mwaka?"

Avis alikuwa na nafasi bado. Angeweza kusema hajui, akaacha pengo hata la upana wa kidole.

"Kiangazi cha sitini na mbili au kabla," alisema. "Kibanda kiligongwa na lori la makaa Januari ya sitini na tatu, kikavunjwa. Kiangazi kilichofuata hakikuwepo. Hii ni picha ya akiba, Godfrey. Wameichomeka."

Wanaume wale wawili walitazamana. Kisha Tel akaanza kupiga makofi. Alipiga makofi yake makubwa ya dereva, akasimama, na Godfrey naye akapiga, tai ikimpinda, macho yamemlengalenga kwa furaha ya kushindwa vizuri.

"Umetumaliza! Dada, umetumaliza kabisa! Mundy kanyolewa bila maji! Nimeona mengi chumba hiki, lakini hili? Pete ya farasi, jamani! Chini ya kwapa la kizibo!"

"Ni kazi nzuri kuliko zote tulizowahi kufanya hapa," alisema Godfrey. "Nasema hivyo mimi niliyekosea. Natangaza Woolwich, Mtaa wa Tuckwell, si baada ya sitini na mbili. Kuna anayepinga?"

Akauliza mara tatu, na mara zote tatu wakanyamaza, naye Avis akanyamaza nao. Kibanda kikafungwa.

Wakakata keki. Wakampa yeye kipande cha kwanza, kikubwa, jamu inachuruzika pembeni. Alikiweka mapajani juu ya mkoba. Godfrey alikuwa tayari amekaa kwenye kompyuta yake, akiandaa picha ya kumbukumbu ya chama, ulimi nje kama mtoto anayechora. Alizungushia kibanda mstari, akauvuta kushoto, akauvuta kulia. Mstari ulimpita Len begani, kisha shingoni.

"Nikimkata huyu hapa tunabaki na mlango nusu," alisema. "Si mbaya. Mlango nusu na kiraka chote."

"Mwache," alisema Avis.

"Nani?"

"Huyo. Usimkate."

"Lakini anaziba, Avis. Picha itakuwa yake yeye, si ya kibanda."

"Ni kaka yangu."

Tel, mdomo umejaa keki, alisita kutafuna. Kisha uso wote ukamchanua, kwa wema wa kweli, maana hakuwa na ubaya hata chembe.

"Kaka yako? Yule? Wewe Avis wewe! Miaka yote hii na husemi una kaka nyota wa televisheni! Mundy, geuza kioo tumwone vizuri. Hebu tazama, tabasamu lenyewe wanafanana! Enhe, na yuko wapi siku hizi? Yuko hai? Mlete Jumamosi ijayo, tumwombe radhi kwa kumwita kizibo."

Walimgeukia wote wawili, wanangoja. Len naye alikuwa amegandishwa pale katikati yao, mguu mmoja mbele. Kwa miaka sitini Avis aliulizwa swali hilo na makasisi, na majirani, na yule mwanamume wa Kanada, na kila mara alikuwa na la kujibu.

"Amekufa," alisema. "Alijitupa mtoni. Machi ya sitini na tatu."

Hakuwahi kulisema, kwa mtu yeyote, mahali popote. Lilipotoka lilikuwa neno la kawaida tu, halikuangusha kitu. Tel aliweka sahani chini, akawa hajui pa kuweka mikono. Godfrey alifungua tai. Alikuwa mtu wa adabu, akatafuta la kufaa kusema, na alilolipata ni lile walilolisema Jumamosi zote mtu alipopenda kibanda fulani.

"Turudishe nyuma kidogo?" aliuliza taratibu. "Umwone tena akipita?"

Avis alimtazama Len. Mama yake alikufa akiamini mtu huyu yuko mahali fulani, na ni yeye aliyemwaminisha.

"Hapana," alisema. "Zima."